Uchambuzi: Lord Spikeheart, Mwenda wa Bayeke na swali la nani anamiliki sauti inayotoka Likasi

Mwezi Aprili 2024, mwimbaji wa Kenya Martin Khanja, anayejulikana jukwaani kwa jina la Lord Spikeheart, alitoa The Adept, albamu yake ya kwanza akiwa peke yake. Ni roki nzito iliyochanganywa na midundo ya kompyuta, na sauti yake hunguruma, hulia na kupasuka kwa namna ambayo wasikilizaji wengi wa Afrika Mashariki hawajaizoea. Mashabiki wa muziki huo Ulaya na Marekani waliizungumzia sana sauti hiyo. Jambo moja halikuzungumzwa sana, nalo ni kwamba lebo iliyoitoa albamu, Haekalu, ni ya mwimbaji mwenyewe.

Nairobi hilo linaweza kuonekana kuwa jambo la kibiashara tu. Likasi, katika mkoa wa Haut-Katanga nchini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, linagusa kidonda cha zamani. Mji huu ulikwisha kutoa mwimbaji aliyesikika duniani kote. Mwaka 1952, wakati ungali unaitwa Jadotville, Mwenda Jean Bosco, aliyefahamika pia kama Mwenda wa Bayeke, alirekodiwa hapo na Hugh Tracey, mtafiti wa muziki aliyefanya kazi na kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini. Gitaa lake lilisafiri kuliko mwenyewe, na kanda zilibaki mikononi mwa waliorekodi.

Kati ya mwaka 1952 na 2024 mashine zimebadilika, bei zimebadilika na hata jina la mji limebadilika. Swali limebaki lile lile: sauti ikishatoka, nani anabaki na kanda? Leo linamhusu kijana yeyote wa Buluo, upande wa Likasi unaotajwa zaidi nchini Congo kwa sababu ya gereza lake, anayetaka kuishi kwa kuimba muziki ambao jirani zake wengi huuona kuwa kelele.

Muziki uliozaliwa kiwandani

Wengi huona roki nzito kuwa starehe ya vijana wa nchi tajiri. Historia yake ni tofauti. Kundi la Black Sabbath, linalohesabiwa na wengi kuwa mwanzilishi wa mtindo huu, lilianzishwa mwaka 1968 mjini Birmingham, Uingereza, mji wa viwanda vya chuma. Mpiga gitaa wake, Tony Iommi, alipoteza ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia kwenye mashine ya kiwandani akiwa na umri wa miaka 17. Alijitengenezea vifuniko vya vidole kwa plastiki iliyoyeyushwa, na baadaye akalegeza nyuzi za gitaa ili zimuume kidogo. Nyuzi zilizolegea hutoa sauti nzito, na uzito huo ukawa alama ya mtindo mzima.

Mwimbaji wa kundi hilo, Ozzy Osbourne, alifanya kazi machinjioni kabla ya kupata jina. Aliimba mara ya mwisho mjini humo humo Birmingham tarehe 5 Julai 2025, na akafariki tarehe 22 mwezi huo akiwa na umri wa miaka 76. Maelfu ya wakazi walijitokeza barabarani kumuaga. Walimuaga kama mtoto wa mtaa wa wafanyakazi aliyeutangaza mji wao.

Thrashi, mtindo wa kasi zaidi ndani ya roki nzito, ulikuja miaka ya mwanzo ya 1980, hasa katika jimbo la California nchini Marekani. Metallica, kundi lake maarufu kuliko yote, lilianza mwaka 1981 na kutoa albamu ya kwanza mwaka 1983. Ngoma hukimbia, magitaa hukwaruza, na mwimbaji hulazimika kupaza sauti juu ya yote hayo. Thrashi yenye melodia huongeza mzigo mwingine, kwani kasi na ukali hubaki pale pale huku sauti ikitakiwa kubeba wimbo ambao msikilizaji ataondoka akiuimba.

Kwa mwimbaji hiyo ni kazi ya mwili. Anayenguruma kwa kukaza koo tu huharibu sauti yake mapema. Wanaodumu hujifunza kusukuma pumzi kutoka tumboni, kupumzisha koo, na kupishanisha mngurumo na uimbaji wa kawaida. Hii ni fani yenye mazoezi na nidhamu kama uimbaji wa kwaya, ingawa asiyeizoea husikia fujo.

Mfano wenye maana zaidi kwa Katanga unatoka Brazil. Sepultura, kundi la thrashi lililoanza mwaka 1984, lilizaliwa Belo Horizonte, mji mkuu wa jimbo la Minas Gerais, ambalo jina lake lenyewe linataja migodi. Vijana hao hawakuanza kwa kusajiliwa na kampuni kubwa ya Marekani. Rekodi yao ya kwanza, mwaka 1985, ilitolewa na Cogumelo, duka la santuri la mji huo huo lililogeuka kuwa lebo. Kampuni ya nje ilikuja baadaye, ikakuta kundi lina jina, lina nyimbo na lina mashabiki nyumbani. Mwaka 1996, katika albamu ya Roots, Sepultura waliimba pamoja na watu wa jamii ya Xavante, wenyeji wa Brazil, na dunia ikawasikiliza kama Wabrazili.

Afrika nayo ina mifano. Botswana, nchi nyingine ya migodi, ina Wrust, Skinflint na Overthrust. Togo ina Arka'n Asrafokor, wanaochanganya roki nzito na midundo ya kwao na kuimba kwa Kiewe pia. Kote huko wanamuziki wengi wana kazi nyingine za kuwalisha, na muziki hupata jioni na siku za mapumziko.

Njia ya Khanja: Nairobi, Kampala, kisha Ulaya

Khanja alitokea katika jamii ndogo ya roki nzito ya Nairobi, iliyokuwa na makundi kadhaa, kumbi chache na, kwa miaka fulani, kituo cha redio kilichopiga roki, X FM, kabla hakijaondoka hewani. Yeye na mwenzake Sam Karugu walitoka katika makundi ya Seeds of Datura na Lust of a Dying Breed.  Mwaka 2019 wawili hao waliunda Duma, neno ambalo wao hulitumia kwa maana ya giza, kutoka Kikuyu.

Walifanya uamuzi ambao ulikuwa wa kisanaa na wa kiuchumi kwa pamoja. Kundi la kawaida la roki nzito lina watu wanne au watano, seti ya ngoma, magitaa, vikuza sauti na gari la kubebea vyote. Duma walibaki wawili. Karugu aliweka gitaa la besi kando, akashika kompyuta na gitaa, na mashine ikafanya kazi ya mpiga ngoma. Khanja alibaki na sauti yake. Vyombo vyao viliingia kwenye begi, na mizigo ya namna hiyo ndiyo inayovuka mipaka kwa urahisi.

Mwaka huo huo walirekodi albamu yao kwa muda wa miezi mitatu Kampala, Uganda, katika studio za Nyege Nyege. Lebo hiyo imetokana na watu wale wale wanaoandaa tamasha la Nyege Nyege, lililoanza mwaka 2015 katika eneo la Jinja kwenye Mto Nile. Tamasha lenyewe limewahi kushukiwa na wakubwa. Mwaka 2018 waziri wa maadili wa Uganda alilipiga marufuku kisha marufuku ikaondolewa, na Septemba 2022 bunge lililipinga kabla serikali haijaliruhusu kwa masharti. Lakini hapo ndipo vijana wawili wa Nairobi walipopata kitu ambacho mji wao, wenye pesa na kampuni nyingi kuliko Kampala, haukuwapa: studio, muda, na watu walioamini kwamba muziki wao una wasikilizaji.

Albamu yao, iliyoitwa Duma, ilitoka Agosti 2020. Ilisifiwa katika magazeti ya muziki ya Ulaya na Marekani, na milango ya matamasha ikafunguka. Duma walipofikia mwisho wao, Khanja aliendelea peke yake, na hapo ndipo ilipokuja Haekalu. Aliitoa The Adept kwa kumkumbuka Muthoni wa Kirima, mpiganaji wa Mau Mau aliyefika cheo cha jemadari mkuu msituni na aliyefariki Septemba 2023, ambaye mwimbaji humtaja kuwa bibi mkuu wa familia yake.

Njia hiyo ina hatua tatu. Kwanza alipata mafunzo katika kundi la mtaani ambalo halikumlipa. Pili, lebo ya jirani ilimtoa nje ya nchi yake. Tatu, alipokwisha kufahamika, alirudi akafungua mlango wake mwenyewe, na kuanzia hapo kanda ni zake. Wengi wenye kipaji huishia hatua ya kwanza, na wachache waliobahatika huishia ya pili. Mwenda wa Bayeke alipita moja kwa moja hadi kwenye umaarufu, lakini hatua ya tatu haikuwapo katika zama zake.

Jadotville, mwaka 1952

Mwenda alizaliwa mwaka 1930 Bunkeya, makao ya zamani ya watawala wa Bayeke, kaskazini mwa Likasi. Alipokutana na Tracey alikuwa kijana wa miaka 22 hivi. Tracey alikuwa akizunguka Afrika ya kati na kusini na vyombo vya kurekodia, akikusanya muziki kwa ajili ya utafiti na pia kwa ajili ya santuri za kuuza. Wimbo Masanga, uliorekodiwa wakati huo, ulishangaza wapiga gitaa kwa sababu vidole viwili tu vya mkono wa kulia vilitoa sauti kama za watu wawili wanaopiga kwa pamoja.

Kilichofuata kimeandikwa sana. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 Mwenda alikaa Nairobi kwa muda, akawa na kipindi redioni, na kizazi kizima cha wapiga gitaa wa Kenya kikamfuata. Mwaka 1969 alialikwa katika tamasha la Newport nchini Marekani. Wataalamu wa muziki wa Ulaya waliandika mtindo wake noti kwa noti. Mwaka 1979 mpiga gitaa Mwingereza John Low alifunga safari hadi Shaba, jina la Katanga la wakati huo, kuwatafuta wapiga gitaa wa zama hizo, na kitabu chake kuhusu safari hiyo kilitoka mwaka 1982. Mwenda alifariki katika ajali ya gari mwaka 1990.

Baada ya hapo inabaki hesabu ya haki, na hesabu hiyo ina pande mbili ambazo watu wengi huzichanganya. Kuna haki ya mtunzi, yaani aliyeutunga wimbo. Kuna pia haki ya rekodi, yaani mwenye kanda iliyobeba wimbo huo siku ile.

Haki ya mtunzi, kwa mujibu wa Mkataba wa Berne ambao Congo ni mwanachama wake, hudumu kwa muda usiopungua miaka 50 baada ya kifo. Kwa nyimbo alizotunga Mwenda, hiyo ina maana hadi mwisho wa mwaka 2040. Haki ya rekodi ni ya aliyerekodi, na katika nchi nyingi ilihesabiwa miaka 50 tangu kurekodiwa au kutolewa. Kwa santuri za mwaka 1952, muda huo uliisha Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Kwa lugha ya mtaani, sauti ile ya kijana wa Jadotville inaweza kutolewa upya na kuuzwa Ulaya bila kumuomba mwenye kanda ruhusa. Wanaopaswa bado kulipwa ni warithi wa mtunzi, ila tu kama nyimbo zimesajiliwa na kuna mtu wa kudai kwa niaba yao. Haki ipo kwenye karatasi. Inafika mfukoni pale ambapo kuna chombo cha kukusanya na kugawa. Congo ilikuwa na SONECA tangu mwaka 1969, kisha ikaja SOCODA, na kwa miaka mingi wanamuziki wamelalamika hadharani kwamba kinachowafikia ni kidogo mno.

Umeme unaopita karibu na mlango

Tofauti kubwa kati ya Mwenda na mwimbaji wa roki nzito wa leo ni kwamba Mwenda hakuhitaji umeme. Gitaa la mbao, kiti, kivuli cha mti, na wimbo upo. Thrashi bila umeme haipo. Gitaa lake halisikiki bila kikuza sauti, na sauti ya mwimbaji hufunikwa na ngoma kama hakuna kipaza sauti.

Likasi hapa ina kisa chake. Mji huu uko karibu na baadhi ya mabwawa ya zamani ya umeme nchini. Bwawa la Mwadingusha kwenye Mto Lufira, upande wa mashariki wa mji, lilianza kazi mwaka 1930, na lilijengwa ili kuendesha viwanda vya shaba. Mitambo yake ilipochakaa ilikarabatiwa kwa makubaliano kati ya shirika la umeme la taifa, SNEL, na wawekezaji wa mgodi wa Kamoa-Kakula ulioko karibu na Kolwezi. Mwaka 2021 mitambo hiyo ilirudi kwenye gridi ikiwa na uwezo wa megawati 78 hivi, na mteja aliyekusudiwa ni mgodi huo. Umeme unazalishwa jirani, unapita jirani, na mara nyingi nyumba za watu hubaki gizani.

Kwa hiyo kundi linalotaka kufanya mazoezi katika mitaa ya Kikula, Panda au Buluo hupanga ratiba kwa kufuata umeme, au hununua mafuta ya jenereta. Kila saa ya mazoezi ina bei kabla mwimbaji hajafungua mdomo. Ndiyo maana mfumo wa Duma, wa watu wawili na kompyuta inayojazwa chaji usiku umeme ukirudi, una maana kubwa Likasi kuliko ulivyokuwa nao Nairobi.

Wala Katanga si ngeni kwa sauti kali inayotoka kwenye vyombo vya kubuni. Karindula, ngoma ya vijana wa mitaani Lubumbashi na miji ya jirani, hupigwa kwa banjo kubwa iliyotengenezwa kwa pipa la mafuta lililowambwa ngozi ya mbuzi. Hukwaruza, huvuma, na maonyesho yake huchukua saa nzima bila kupoa. Mwaka 2011 lebo ya Ubelgiji, Crammed Discs, ilitoa filamu na rekodi za makundi ya karindula ya Lubumbashi. Wazungu waliozitazama walifananisha na roki. Kwa mara nyingine tena, muziki wa Katanga ulifika sokoni kwa mkono wa lebo ya mbali.

Kivuli cha shetani

Umeme ukipatikana, linabaki jina baya. Roki nzito hubeba tuhuma za kishetani popote inapokwenda. Kenya iliwahi kuunda tume ya rais kuchunguza ibada za shetani mwaka 1994, na ripoti yake ikafikishwa bungeni mwaka 1999, kwa hiyo vijana wa Nairobi walioanza kupiga muziki huu miaka iliyofuata waliukuta mzigo ukiwa tayari mabegani. Katika miji ya Katanga, ambako makanisa ya uamsho yako kila mtaa na ndiko vijana wengi hujifunzia kinanda, gitaa na kuimba, tuhuma hiyo ina gharama ya moja kwa moja. Anayejulikana kwa kunguruma jukwaani anaweza kupoteza nafasi yake katika bendi ya kanisa, na bendi ya kanisa ndiyo yenye vyombo.

Wazazi nao wana hoja ambayo haina shetani ndani yake. Mtoto anayeimba rumba au nyimbo za dini anaweza kuitwa harusini, msibani, kwenye sherehe ya kampuni. Anayeimba thrashi haitwi. Mzee anayeuliza, "Utakula nini?" anauliza swali la uchumi, na jibu la heshima kwake lazima liwe la uchumi pia.

Kobalti ina mgao, wimbo hauna

Katika kutafuta jibu hilo, inafaa kutazama kile ambacho nchi yenyewe imefanya na madini. Kwa miaka mingi Congo ilisafirisha kobalti kwa wingi huku bei ikishuka. Mwaka 2018 serikali iliitangaza kuwa madini ya kimkakati na kupandisha mrabaha wake hadi asilimia 10. Tarehe 22 Februari 2025 ilisimamisha kabisa usafirishaji nje. Kuanzia tarehe 16 Oktoba 2025 ikaweka mgao: tani 18,125 kwa miezi iliyobaki ya mwaka huo, na tani 96,600 kwa mwaka kwa 2026 na 2027.

Watu wanaweza kubishana kama hatua hiyo itawafaidisha wakazi wa Likasi, mji ambao viwanda vya Gécamines vya Shituru viliulea kisha vikadhoofika. Fikra iliyo nyuma yake, hata hivyo, ni rahisi: mwenye mali ndiye anayepaswa kuwa na usemi juu ya namna inavyotoka.

Katika muziki fikra hiyo haijafika. Congo ilishangilia, kwa haki, rumba ilipoingia katika orodha ya urithi ya UNESCO mwezi Desemba 2021. Heshima hiyo ni kubwa, lakini haimpi mtunzi wa Katanga stakabadhi, wala haimwambii kijana asiweke sahihi mkataba asiouelewa. Hakuna anayependekeza nyimbo ziwekewe mgao mpakani, kwa kuwa wimbo hupata thamani kwa kusambaa. Kinachofanana ni hatua ya mwanzo, yaani kujua nini kimetoka, kwa jina la nani, na mrabaha unarudi wapi.

Kuna wanaosema kwamba teknolojia imeshalitatua tatizo hili. Ni kweli kwa sehemu. Jukwaa la Bandcamp, linalotumiwa sana na mashabiki wa roki nzito, hukata asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali, au 10 kwa anayeuza zaidi, na linalobaki, baada ya ada za malipo, ni la msanii. Mikataba ya kampuni kubwa kwa kawaida haina hesabu kama hiyo. Kwa muziki wenye wasikilizaji wachache lakini waaminifu, mashabiki 500 wanaonunua albamu wana faida kuliko watu 50,000 wanaopita njia.

Lakini majukwaa ya kusikiliza bila kununua yana hesabu nyingine. Spotify iliingia Kenya na Congo mwaka 2021, na tangu mwaka 2024 wimbo ambao haujafikisha mara 1,000 za kusikilizwa ndani ya miezi 12 haupati chochote. Kwa nyota wa Kinshasa huo ni usiku mmoja. Kwa mwimbaji wa mtindo mgeni kutoka Likasi unaweza kuwa mwaka mzima wa kazi usiolipwa. Tena kupokea malipo kunahitaji akaunti inayokubalika nje ya nchi, na wengi hulazimika kutumia akaunti ya ndugu aliye ughaibuni au ya meneja. Anayeshika akaunti hushika na pesa, na hadithi ya kanda inaanza upya katika sura ya nenosiri.

Kinachoweza kufanyika sasa

Safari ya Khanja haitaweza kunakiliwa hatua kwa hatua na kijana wa Buluo. Nairobi ina ndege za moja kwa moja kwenda Ulaya, ina intaneti ya bei nafuu zaidi, na ina Kampala umbali wa safari ya basi ya usiku mmoja. Likasi iko kilomita 120 hivi kutoka Lubumbashi, na Kinshasa ni mbali kiasi kwamba anayetaka kufika kwa haraka hupanda ndege. Mji wa karibu wenye kumbi na taasisi za utamaduni ni Lubumbashi, na hapo ndipo hatua ya kwanza inapowezekana.

Hata hivyo mambo matatu katika safari yake hayategemei ndege. La kwanza ni ukubwa wa kundi: watu wachache, vyombo vichache, kompyuta moja. La pili ni kutafuta lebo ya jirani kabla ya lebo ya mbali, kama Duma walivyokwenda Kampala na Sepultura walivyoanzia kwenye duka la mtaani kwao. Kama Likasi haina duka la namna hiyo, basi hilo ndilo pengo la kuzibwa kwanza, na halihitaji fedha za mgodi. Linahitaji mtu mmoja mwenye studio ndogo anayekubali kuandika makubaliano ya ukurasa mmoja: nani ametunga, nani amerekodi, kanda ni ya nani, na kila mmoja atapata asilimia ngapi.

La tatu ni kusajili. Wimbo usiosajiliwa ni kama mzigo uliotumwa bila jina la mwenyewe. Mwenda hakuwa na njia rahisi ya kufanya hivyo mwaka 1952, chini ya ukoloni, mbele ya mtu aliyekuja na mashine pekee ya kurekodi. Kijana wa leo anayo simu ambayo kwa dakika chache huandika tarehe, majina na nakala ya rekodi, ushahidi ambao mahakama au shirika la haki linaweza kuutazama baadaye.

Mamlaka nazo zina sehemu yao, na si ya kuombwa kama sadaka. Mkoa unaopokea mapato ya migodi unaweza kulipia ukumbi mmoja wenye umeme wa uhakika katika mji unaozungukwa na mabwawa. Shirika la haki za watunzi linaweza kufungua dawati Katanga na kuanza na orodha iliyo wazi: nyimbo za Mwenda wa Bayeke na wenzake wa kizazi chake, zilizoko wapi, zinazouzwa na nani, na warithi wao ni akina nani. Kuna miaka kama 15 tu kabla ya mwisho wa 2040, na haki ikishafika kikomo hakuna wa kuidai tena.

Inawezekana roki nzito haitapata kamwe umati mkubwa Likasi. Birmingham nayo haikuitarajia. Mji wa viwanda una namna yake ya kusikia sauti, na hakuna anayeweza kusema leo ni kijana gani kati ya wale wanaosikia treni na mitambo kila siku atakayeigeuza kuwa wimbo. Kinachoweza kupangwa ni kile kitakachotokea siku atakapoimba. Mwaka 1952 kijana alipiga gitaa Jadotville na gari likaondoka na kanda. Gari jingine litakuja, hata kama safari hii litakuja kwa njia ya ujumbe wa simu wenye mkataba ndani yake. Safari hii nakala ya kwanza ibaki nyumbani, ikiwa na jina la mwenyewe.